Nguzo Ingali Chini: Usomaji wa Nguzo Mama

Tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando ilichapishwa mwaka 1982, wakati wa Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa (1976–1985). Mikutano ya dunia ya Mexico (1975) na Copenhagen (1980) ilikuwa imekwisha kupita. Ule wa Nairobi ulikuwa bado miaka mitatu. Muktadha huu una uzito katika kuifasiri kazi yenyewe, kwani inauliza swali ambalo maazimio ya kimataifa huelekea kuliruka: nani atakayeiinua nguzo, na kwa mikono ipi?

Katika kijiji cha Patata, wanawake wanane, Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha Nguzo Mama. Wanagombana na kutawanyika, na tamthilia inakwisha nguzo ingali chini. Ni rahisi kuuchukua mwisho huu kuwa lawama: wanawake hawapendani, ndiyo maana hawaendelei. Usomaji huo una ushahidi wake, kwani ugomvi umejaa jukwaani. Hata hivyo, unachukua dalili ukaiita ugonjwa.

Muhando amewaita wahusika wake kwa hesabu. Wanahesabika kama wanawake wanavyohesabika katika ripoti za mikutano. Lakini kila mmoja ana shida yenye sura yake. Mjane anayeporwa mali na jamaa za marehemu mumewe hana mikono ya kuinulia nguzo. Utengano wao umezaliwa na ndoa, umaskini na mila; haukuvitangulia. Udhaifu wa istiara hii ni kwamba kichekesho chake, hasa kupitia kwa Chizi, huweza kuiacha hadhira ikiwacheka wanawake na kuyasahau yanayowafunga.

Historia ya Kenya inaunga mkono usomaji huu. Wapiga kura wa Eldoret Kaskazini walimpeleka Chelagat Mutai bungeni mwaka 1974. Mwaka 1976 alifungwa kwa kosa la uchochezi. Huko kuanguka kwake hakuwezi kuelezwa kwa wivu wa wanawake. Kenya iliridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake mwaka 1984, ikawa mwenyeji wa mkutano wa Nairobi mnamo Julai 1985. Lakini mwaka 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo wa Umira Kager, si mjane Wambui Otieno, haki ya kumzika S. M. Otieno. Mwaka huohuo Ari Katini Mwachofi alichapisha Mama Ee, ambamo mgogoro wa Mwavita na mumewe Tenge unaonyesha kuwa haki iliyotangazwa ukumbini hukwama mlangoni mwa nyumba.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka kanuni kwamba wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge liliposhindwa kuitungia sheria, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais, mnamo Septemba 2020, alivunje. Halikuvunjwa. Waliokwamisha kanuni hiyo hawakuwa wanawake wanane wa Patata. Ndiyo sababu mwisho wa Nguzo Mama haufai kufundishwa kama hadithi ya wanawake wasiopatana; ufundishwe kama shtaka dhidi ya wote wanaoitaka nguzo isimame huku wakiwafunga mikono wanaotakiwa kuiinua.