Hati ya Kairos na Mjane wa Sarepta: Uhakiki kuhusu Vikwazo vya Kiuchumi

Kila mwaka, katika somo la Maadili ya Kikristo, wanafunzi wetu husoma Hati ya Kairos, na kila mwaka insha zao huwa za sifa tupu. Si ajabu. Hati hiyo, iliyotolewa na wanatheolojia wa Afrika Kusini mwezi Septemba 1985, miezi miwili baada ya serikali ya P. W. Botha kutangaza hali ya hatari, ni miongoni mwa maandiko machache ya theolojia ya Kiafrika yaliyosomwa hata na watu wasiokuwa na desturi ya kusoma theolojia. Mwandishi wa makala hii naye amelelewa nayo. Lakini kukipenda kitabu si sababu ya kuacha kukihoji. Nakusudia kuonyesha kwamba hati hii, pamoja na ushujaa wake wote, iliacha pengo moja mahali palipo nyeti, na kwamba sisi watu wa Maziwa Makuu tulitumbukia katika pengo hilo mwaka 1996.

Kwanza tuipe hati haki yake. Inatofautisha theolojia za namna tatu. Theolojia ya Dola ndiyo ile iliyoichukua sura ya kumi na tatu ya Waraka kwa Warumi na kuifanya kuwa hati ya kumiliki nchi: mtawala ametoka kwa Mungu, basi raia anyamaze. Theolojia ya Kanisa ndiyo ile ya maaskofu na sinodi waliolaani ubaguzi wa rangi kwa maneno mazuri, kisha wakahubiri upatanisho pasipo toba na amani pasipo haki. Ya tatu, Theolojia ya Kinabii, huanza kwa kuichunguza jamii yenyewe, na kuuliza ni nani anamkandamiza nani, kabla ya kufungua kinywa. Sura juu ya upatanisho ingali na makali hata leo. Asemaye kwamba pande zote mbili zina makosa, wakati upande mmoja una bunduki na mwingine una kaburi, hajasimama katikati. Amekwisha kuchagua upande.

Sisi Walutheri tulilihitaji neno hilo kuliko wengi, kwa maana mafundisho ya falme mbili, yakishikwa vibaya, humpa mchungaji mwoga mahali pazuri pa kujificha. Hata hivyo si kweli kwamba tulisubiri mwaka 1985 ndipo tuamke. Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano mkuu wake wa sita hapa kwetu, Dar es Salaam, mkutano ule uliomchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Hapo ilitamkwa kwamba kuukataa utengano wa rangi kwa uwazi ni jambo la ungamo la imani, wala si hiari ya kila mtu na siasa yake. Miaka saba baadaye, huko Budapest, uanachama wa makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika ulisimamishwa kwa kuwa hayakujitenga na utengano huo. Ulirudishwa mwaka 1991. Tukiangalia vema, hicho nacho kilikuwa kikwazo. Na waliokiweka walijua majina ya waliokuwa wakiwekewa.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Hati ya Kairos inazungumza juu ya migomo, juu ya kukaidi sheria za dhalimu, na juu ya kushiriki katika mapambano. Haina sura inayotufundisha namna ya kupima adhabu ya kiuchumi inayotoka nje ya nchi: ni nani mwenye haki ya kuiomba, ni nani ataibeba, na itakoma lini. Yamkini waandishi hawakuona haja. Kwa Afrika Kusini majibu yalikuwa yamekwisha kutolewa na wenye nchi wenyewe. Mwaka 1959 Chifu Albert Luthuli aliwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini, akakiri waziwazi kwamba mzigo utawaangukia Waafrika wenzake, na akasema kwamba wako tayari kuubeba ikiwa utaifupisha siku ya kumwaga damu. Tarehe 26 Juni mwaka huohuo Julius Nyerere na Padre Trevor Huddleston, ambaye baadaye tulimjua kama Askofu wa Masasi, walisimama jukwaa moja jijini London kuanzisha mgomo huo. Kisha ikaja sauti ya Askofu Desmond Tutu. Na Desemba 1985, mjini Harare, viongozi wa makanisa walioitwa na Baraza la Makanisa Ulimwenguni waliomba vikwazo kamili bila kukawia.

Kwa hiyo Rais Ronald Reagan na Bibi Margaret Thatcher waliposema kwamba vikwazo vitamuumiza mtu mweusi kwanza, jibu lilikuwa fupi: mtu mweusi amekwisha kuulizwa. Mwaka 1985 benki ya Chase Manhattan ilikataa kuongeza muda wa mikopo, na serikali ya Botha ikalazimika kusimamisha ulipaji wa madeni. Oktoba 1986 Bunge la Marekani liliipitisha sheria ya vikwazo juu ya kura ya turufu ya Reagan. Sitaki kuingia katika ubishi wa wachumi juu ya kiasi gani haya yaliharakisha mwaka 1990. Nashika jambo moja tu, kwamba ombi lilitoka katika vinywa ambavyo vingelala njaa.

Lakini tazama hati inavyomshughulikia mpinzani mwaminifu. Mwandishi Alan Paton na mbunge Helen Suzman walitumia maisha yao kuupinga utengano. Bi Suzman alikaa miaka kumi na mitatu bungeni akiwa peke yake katika chama chake. Wote wawili walipinga vikwazo kwa sababu ya ajira za maskini. Nadhani walikosea. Ila katika mgawanyo wa theolojia tatu watu wa namna hii hawana kiti. Si watumishi wa dola, wala hawakuhubiri upatanisho wa bei rahisi. Anayeuliza gharama anatupwa kapuni pamoja na anayetafuta kisingizio. Mhakiki halali anaweza kusema kwamba saa ile haikuwa saa ya kuchambua nyuzi, na nakubali. Saa ya kuchambua nyuzi ilitufikia sisi.

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka Burundi kwa mara ya pili. Siku sita baadaye wakuu wa nchi jirani, wakikutana Arusha, waliamua kuifungia nchi hiyo mipaka ya biashara. Madai yao yalikuwa ya haki: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na serikali ikae mezani na wapinzani wote, wenye silaha na wasio na silaha. Mwalimu Nyerere, msuluhishi, aliyaunga mkono. Wengi wetu tulifurahi. Safari hii Afrika haikungoja New York. Na kwa kuwa jeshi lile ndilo lililomuua Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, baada ya uchaguzi uliomshinda Buyoya mwenyewe, tuliona Pretoria nyingine. Mahubiri ya wakati ule yalikuwa na harufu ya Kairos.

Mwanafunzi mmoja kutoka ng'ambo ya Malagarasi aliniuliza darasani swali ambalo sikulijibu. Mama yake aliishi kilimani huko Ruyigi, akalima maharage, na chumvi ya Uvinza aliyozoea kuinunua ilikuwa imepanda bei isivyosemekana. "Mwalimu," alisema, "mama yangu yumo katika theolojia ipi?" Wenzake walicheka. Nami nilitabasamu nikaendelea na somo, jambo ambalo hadi leo linanifedhehesha.

Maana mama yule hakuwa ameulizwa. Wanasiasa kadhaa waliokuwa uhamishoni waliunga mkono vikwazo, lakini Burundi haikuwa na Luthuli wa kusema kwa niaba ya vilima, akiishi humohumo vilimani. Aidha, mwenye kosa hakuwa mmoja. Siku tano kabla ya mapinduzi waasi walikuwa wamewachinja wakimbizi wa ndani wa Kitutsi zaidi ya 300 huko Bugendana. Na serikali kwa upande wake iliwakusanya wakulima wa Kihutu, mamia ya maelfu, katika kambi za lazima. Mafuta na mbolea vikawa adimu. Magendo yakastawi, na magendo humtajirisha aliye karibu na mwenye bunduki. Ukweli unatulazimu kusema pia kwamba vikwazo havikuwa bure: Septemba 1996 Bunge na vyama vilirudishwa, na Juni 1998 mazungumzo yalifunguliwa Arusha, yakazaa mkataba wa Agosti 2000. Lakini chakula, mbegu, mbolea na vifaa vya shule viliruhusiwa Aprili 1997 tu, baada ya miezi minane na zaidi, na vikwazo vilisimamishwa Januari 1999. Hiyo miezi minane ndiyo inayonihusu. Ni misimu miwili ya kupanda.

Ndugu zangu wachungaji watakuwa wameufikiria ukame wa Eliya, nami sioni mahali pengine katika Agano la Kale panapotufaa zaidi. Katika 1 Wafalme 17 nabii anamtangazia Ahabu kwamba hakutakuwa na mvua. Adhabu ni ya haki na mhalifu anajulikana. Lakini mvua haichagui shamba la mfalme. Katika sura ya kumi na nane, njaa ikiwa kali Samaria, tunamkuta Ahabu akizunguka na Obadia kutafuta majani, na ayatafutia farasi na nyumbu, wasije wakafa. Farasi ni jeshi. Mwandishi wa kitabu hasemi zaidi, wala hana haja. Wakati huohuo huko Sarepta, nje ya mipaka ya Ahabu kabisa, mjane asiyehusika na Baali wa Samaria anaokota kuni mbili ili apike konzi yake ya mwisho ya unga.

Kairos ingemwona Ahabu vizuri sana. Swali ni kama ingemwona mjane. Naye Eliya, aliyeitamka adhabu, hakubaki mahali penye maji: kijito chake mwenyewe kilikauka, na chakula chake kikawa katika pipa la yule mama. Sisi Arusha tuliitamka adhabu, kisha tukarudi nyumbani kwenye mvua. Haki inataka niseme kwamba Tanzania haikukaa kando kabisa, kwa maana watu wa Kibondo na Ngara waliwapokea wakimbizi kwa maelfu na maelfu. Lakini wakulima wa Kibondo hawakuwamo ukumbini.

Dola zimejifunza kidogo tangu hapo. Burundi ilipoingia tena katika msukosuko mwaka 2015, Umoja wa Ulaya ulianza kwa kuwawekea vikwazo watu wanne kwa majina, na Marekani nayo ikafanya hivyo kwa watu aliowachagua Rais wake. Hata hivyo Machi 2016 Umoja wa Ulaya uliisimamisha misaada yake ya moja kwa moja kwa serikali, hadi Februari 2022, na bajeti ya serikali ndiyo inayolipa wauguzi. Orodha ya majina haiondoi swali, inalisogeza tu.

Katika darasa langu sasa Hati ya Kairos husomwa wiki moja na 1 Wafalme 17, hadi mwisho wa sura. Wanafunzi hupenda kuishia kwenye unga usiopungua. Nawaomba waendelee hadi aya ya kumi na nane, pale mtoto anapokufa na mama anamgeukia nabii kumlaumu usoni. Eliya hamkemei wala hamfafanulii sera yake. Anamtwaa mtoto kifuani pake, anapanda naye chumbani, na shutuma ileile aliyotupiwa na mwanamke yule anaichukua yeye kama ilivyo na kumpelekea Mungu.