Takriri Isiyo na Swali: Misako ya Pembeni katika Michezo ya Fantasia na Kisa cha Nunda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki misako ya pembeni katika michezo ya video ya kifantasia, yaani majukumu madogo ambayo mchezaji hupewa nje ya msuko mkuu na ambayo mara nyingi hulalamikiwa kuwa yanachosha na kukatisha tamaa. Hoja ya msingi ni kwamba chanzo cha uchovu huo si takriri yenyewe, kwa kuwa takriri ni mhimili wa ngano. Chanzo ni takriri isiyobeba swali. Makala yanalinganisha Dragon Age: Inquisition (2014), The Elder Scrolls V: Skyrim (2011) na The Witcher 3: Wild Hunt (2015) na kisa cha Nunda kilichochapishwa na Edward Steere (1870). Ulinganishi huo unabainisha masharti matatu ya msako wenye uhai: swali, mjibuji na badiliko. Makala yanahitimisha kwa kuonesha kwamba kasoro hiyohiyo imo katika sehemu ya uhakiki wetu wenyewe.

1.0 Utangulizi

Mhakiki wa fasihi simulizi anayeketi kwa mara ya kwanza mbele ya mchezo wa video wa kifantasia hujikuta katika nchi ngeni yenye njia anazozijua. Shujaa anaondoka kwao, anapewa kifaa cha ajabu, anapimwa, anapambana na zimwi, kisha anarejea akiwa na hadhi mpya. Vladimir Propp, aliyebainisha kazi 31 za wahusika katika ngano za Kirusi (1928), angezitambua nyingi kati ya kazi hizo hapa. Hata hivyo, ndani ya umbo hilo linalofahamika kumejaa jambo ambalo msimulizi wa ngano asingelivumilia: makumi ya majukumu madogo ambayo shujaa huyatekeleza mmoja baada ya jingine, na ambayo yakiondolewa hadithi haipungukiwi na kitu.

Katika makala haya, msako mkuu ni mfululizo wa matukio unaobeba mgogoro wa msingi wa mchezo, ilhali msako wa pembeni ni jukumu lililo nje ya mfululizo huo, ambalo kwa kawaida hutolewa na mhusika mdogo na kuambatana na ujira. Michezo inayohusika ni ile ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu mmoja na kumkuza kwa muda mrefu. Data zimetokana na usomaji makini, na usomaji hapa una maana ya kucheza, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuisoma matini ya aina hii. Mwandishi aliicheza michezo hiyo mwenyewe, na uchovu unaojadiliwa hapa ameuonja.

2.0 Vipande Kumi vya Nyama

Mfano wa kwanza ni Dragon Age: Inquisition, mchezo wa kampuni ya BioWare. Huu si mchezo hafifu. Mwaka 2014 ulitunukiwa tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards. Mhusika mkuu ana alama mkononi inayomwezesha, yeye peke yake, kuziba nyufa ambazo mapepo hupitia kuingia duniani. Mbingu imepasuka na watu wanakufa. Katika hali hiyo anapelekwa kwenye jimbo la Hinterlands, ambako vita vimewakusanya wakimbizi njia panda. Mwindaji mmoja anamwomba vipande 10 vya nyama ya kondoo dume ili wakimbizi wale.

Wazo la jukumu hili si baya. Kiongozi anayewalisha wenye njaa ni taswira yenye historia ndefu katika fasihi. Tatizo liko katika utekelezaji. Kondoo wako karibu, hawana hatari na wote ni sawa. Kipande cha kwanza hakitofautiani na cha 10 ila kwa namba inayoonekana kwenye skrini. Mchezaji anaporudi, hapewi nafasi ya kumjua mkimbizi hata mmoja aliyekula nyama ile. Njaa iliyotumika kama sababu ya msako haina mwili wala jina.

Majukumu mengine katika mchezo huo yana umbo hilohilo. Kuna vipande vya kichawi zaidi ya 100 vilivyotawanywa katika majimbo mbalimbali, ambavyo mchezaji huviona kwa kuchungulia kupitia mafuvu yaliyosimikwa juu ya miti na kuviokota kimoja kimoja. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba hujaa kweli, lakini hadithi haijai.

Skyrim, wa kampuni ya Bethesda, unaufikisha mwelekeo huu kwenye ukomo wake. Mchezo huo una mfumo uitwao Radiant, ambao huweza kuunda majukumu kwa kuchagua wenyewe mtoaji, mahali na shabaha kutoka kwenye orodha zilizoandaliwa. Mchezaji hutumwa pangoni kumwua kiumbe fulani, hurudi, hulipwa, kisha hutumwa pango jingine. Majukumu hayo hayana mwisho. Kwa istilahi za fasihi simulizi, tunaweza kusema kwamba fomula imebaki na fanani ameondoka. Nafasi zinajazwa, ila hakuna anayeamua kwa nini nafasi hii ijazwe hivi, mbele ya hadhira hii, leo.

3.0 Takriri katika Kisa cha Nunda

Jibu jepesi lingekuwa kwamba misako hii inachosha kwa sababu inajirudia. Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi anajua kuwa jibu hilo halitoshi. Axel Olrik (1909) aliitaja takriri miongoni mwa kanuni za usimulizi wa kijadi, pamoja na kanuni ya utatu. Ngano zetu hurudia wimbo, safari na mtihani, na hadhira haichoki. Huusubiri wimbo urudi ili iuitikie.

Kisa cha Sultani Majnuni, kilichokusanywa Zanzibar na kuchapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales (1870), kinafaa hasa kwa ulinganishi huu kwa sababu ndani yake mna msako wa kuwinda wenye hatua nyingi zinazofanana. Paka wa sultani anakula mifugo, kisha watu. Kila watu wanapolalamika, sultani anakataa kumgusa kwa kuwa mla na mliwa wote ni mali yake. Ni pale tu paka anapowaua wanawe ndipo sultani anapokiri kwamba huyo si paka tena, ni Nunda. Mwanawe mdogo, aliyekuwa akidharauliwa, anaondoka kwenda kumsaka.

Kijana huyo anamwua mnyama, anamburura hadi nyumbani na kumwimbia mama yake kwamba amemwua Nunda. Mama anamjibu kwa wimbo kuwa huyo siye. Kijana anatoka tena. Anaanza na mbwa, na baada ya wanyama kadhaa anafika kwa tembo. Kila mara wimbo ni uleule na jibu ni lilelile. Msako huu nao ni mrefu na unajirudia kama ule wa nyama ya kondoo. Kwa nini basi hauchoshi?

Sababu ya kwanza ni kwamba kila windo ni swali. Kijana hajui Nunda ni nani hasa. Anapoua, anakisia, anapoimba, anauliza. Sababu ya pili ni kwamba yupo anayeweza kusema hapana. Mama si karani wa kupokea mizigo na kutoa ujira. Yeye ndiye kipimo cha ukweli katika kisa, na jibu lake ni la mama ambaye tayari amefiwa. Sababu ya tatu ni kwamba kila hapana inabadilisha jambo. Wanyama wanakua, hatari inaongezeka na hofu ya mzazi inazidi. Maneno ya wimbo hayajabadilika, lakini uzito wake umebadilika, kwa sababu anayeimba mbele ya mzoga wa tembo si yule kijana aliyeimba mbele ya mzoga wa mbwa. Anapomkuta Nunda mwenyewe, hadhira imekwisha kufundishwa, kwa makosa yake, namna ya kumtambua.

Swali, mjibuji na badiliko: hayo ndiyo masharti matatu yanayokosekana kwenye vipande vile 10 vya nyama. Msako huo hauna swali, kwa kuwa tangu mwanzo mchezaji ameambiwa anachotafuta, idadi yake na mahali kilipo. Hauna mjibuji, kwa kuwa nyama haiwezi kukataliwa. Hauna badiliko, kwa kuwa kipande cha 9 hakijui kwamba vinane vimetangulia.

4.0 Nani Anabeba Mzigo wa Takriri?

Tofauti moja ya kiutanzu yapasa kuzingatiwa. Espen Aarseth (1997) ameziita matini za aina hii ergodiki, yaani matini zinazomdai msomaji juhudi isiyo ya kawaida ili aweze kuzipitia. Dhana hiyo inasaidia kueleza kwa nini kasoro ileile ya kisanaa huumiza zaidi katika mchezo kuliko katika ngano.

Katika ngano, mzigo wa takriri huubeba fanani. Yeye ndiye anayeimba kwa mara ya tano, na akiona macho ya watoto yanalemewa na usingizi huweza kufupisha: akamwua, akamburura, akaimba, siye. Wanyama watatu hupita katika pumzi moja. Hadhira huchangia kiitikio tu. Katika mchezo, mzigo huo umehamishiwa kwenye mikono ya hadhira. Mchezaji mwenyewe hutembea bondeni, huua, huinama, huokota na kurudi. Hakuna fanani wa kuona kwamba amechoka, na hakuna kitenzi cha -ka- kinachoweza kumvusha. Kwa hiyo mtunzi wa mchezo anadaiwa zaidi ya msimulizi: akimfanyisha mtu jambo mara 10, kila mara lazima iwe na sababu yake.

5.0 Kikaango cha Bibi Kizee

Kwamba deni hilo linalipika kunathibitishwa na The Witcher 3: Wild Hunt, wa kampuni ya CD Projekt Red ya Poland. Karibu na mwanzo wake, katika kijiji cha White Orchard, bibi kizee anamwomba Geralt, mwindaji wa mazimwi, amrudishie kikaango. Mgeni mmoja alikiazima, na sasa nyumba imefungwa. Ni vigumu kubuni jukumu duni kuliko hilo. Msako wenyewe huisha kwa dakika chache.

Geralt anaingia ndani na kukuta maiti, dalili za karatasi zilizochomwa na kikaango kilichokwanguliwa kikatakata. Anang'amua kuwa masizi yake yalitumika kutengenezea wino. Bibi anarudishiwa kikaango chake, akiwa na hamu ya kukitumia tu, naye mchezaji anaondoka na swali: ni nani aliyekuwa akiandika kwa siri katika nchi iliyovamiwa, na alikuwa akimwandikia nani? Kitu cha jikoni kimegeuka ushahidi wa vita. Masharti yote matatu yametimia katika chumba kimoja. Swali limezaliwa, maiti na masizi yamelijibu nusu, na mchezaji hakitazami tena kikaango kwa jicho lile la awali.

Jambo jingine ni kwamba jukumu hilo haligongani na hadhi ya mhusika. Geralt ni fundi wa kukodiwa. Kufanya kazi ndogo kwa ajili ya wanakijiji ndiyo riziki yake. Mwokozi wa dunia katika Inquisition hutumwa nyama bila hadithi kutambua kwamba kuna jambo la ajabu katika kumtuma. Ngano nazo huwatuma wana wa wafalme kuchota maji na kuchunga mbuzi, lakini huko kushushwa huwa na maana: ni adhabu, kujificha au mtihani.

6.0 Pingamizi Mbili

Huenda ikasemwa kwamba misako ya pembeni ni ya hiari, na asiyeitaka aiache. Kwa Inquisition hoja hiyo haisimami vyema. Ili kufungua hatua za msako mkuu, mchezaji sharti alimbikize pointi za mamlaka, na pointi hizo hupatikana kwa kutekeleza kazi za majimboni. Si lazima atekeleze zote, lakini hawezi kuziepuka kabisa. Kazi ya pembeni inapogeuzwa kuwa ushuru wa barabara kuu, haiko pembeni tena, na inapaswa kuhakikiwa kwa vigezo vya barabara kuu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: baadhi ya wachezaji huifurahia kazi isiyo na fumbo, kama mtu anavyofurahia kuchambua mchele jioni. Makala haya hayakani starehe hiyo. Yanachokana ni kuiita hadithi. Mchezo jirani wa tanzu hii, The Legend of Zelda: Breath of the Wild (2017), unatambua tofauti hiyo. Umeficha mbegu 900, lakini 441 zinatosha kwa manufaa yote ya kiutendaji. Anayezikusanya zote hutunukiwa kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi. Kwa mzaha huo mchezo unamjibu mkusanyaji kama mama yule alivyomjibu mwanawe: siye.

7.0 Hitimisho

Makala yamedai kwamba kinachokatisha tamaa katika misako ya pembeni si udogo wake wala kujirudia kwake. Kikaango ni kidogo kuliko kondoo 10, na kijana wa kisa cha Nunda naye alirudia kama mchezaji wa Hinterlands. Kinachokosekana ni swali linaloweza kujibiwa kwa hapana.

Kipimo hicho kikikubaliwa, hakitaishia kwenye skrini. Mwandishi wa makala haya amesimamia na kutahini tasnifu nyingi za fasihi simulizi ambamo mtafiti hukusanya ngano 10, huzipitisha katika kazi za Propp, huweka alama panapostahili na kuhitimisha kwamba kazi hizo zimo. Nyingine hukusanya tamathali za semi kutoka kwenye diwani, huzihesabu na kuziainisha. Ngano ya 10 haijui kwamba tisa zimetangulia. Hakuna tokeo ambalo lingemlazimu mtafiti kusema kwamba nadharia imeshindwa au kwamba mnyama aliyemburura siye. Lawama si ya wanafunzi pekee. Sisi tulioidhinisha mapendekezo hayo ndio tuliowatuma nyama, tukahesabu vipande na kutoa ujira.

Kabla ya kuidhinisha pendekezo la utafiti, basi, msimamizi na aulize jambo moja: ni matokeo gani yatakayotufanya tujibu hapana? Kama hayapo, mtafiti anatumwa kukusanya tu, na uchovu tunaouona kwenye kurasa za kazi yake tumeupanda wenyewe.