Ustadi wa Kufunga Mzigo

Kuna ustadi usiofundishwa katika chuo chochote cha Kivu ya Kaskazini, hauna cheti, na bado Masisi na Walikale zimejaa mabingwa wake. Ni ustadi wa kufunga mzigo wa safari ya kukimbia vita: kujua upesi kipi kinakwenda na kipi kinabaki, nani abebe nini, na fedha ikae wapi. Wengi wa mabingwa hao ni akina mama. Nawasifu kwa sababu tukikutana nao barabarani, kitunga mgongoni na kamba imepita kwenye paji la uso, tunaona taabu peke yake. Akili iliyoupanga mzigo ule inatupita.

Ardhi ndiyo inayoamuru kwanza. Masisi ni milima ya malisho ya ng'ombe, na usiku wake una baridi kali. Walikale, yenye kilomita za mraba 23,475, karibu asilimia 40 ya mkoa mzima, inashuka hadi kwenye msitu mzito wa joto, mvua na matope. Anayetoka Nyabiondo akishika njia ya Walikale anabadili hali ya hewa kwa miguu yake mwenyewe. Blanketi zito lililomfaa mlimani litalowa msituni, lisikauke, na uzito wake uongezeke kila siku. Ndiyo maana bingwa anapendelea vitenge. Kitenge ni mbeleko ya mtoto, ni shuka, ni pazia la kuogea, ni kata ya kichwani, ni kamba ya kufungia furushi. Na ikifika siku ya njaa, kile kipya kilichotunzwa chini kabisa kinauzika katika soko lolote. Sijui kifaa kingine cha safari kinachofanya kazi nyingi hivyo kwa uzito mdogo hivyo.

Baada ya kitenge, sufuria. Inachukuliwa moja, kubwa, yenye mfuniko, na haitembei tupu: ndani yake mnaingia chumvi, kiberiti kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, sabuni, vijiko, na maharage kidogo ya mbegu. Mbegu hizo haziliwi hata kwa machozi ya watoto, na hapo ndipo ninapomwona bingwa hasa, kwa sababu anafunga mzigo wa leo akiwaza msimu wa mvua ujao. Panga linakwenda daima. Jembe linakwenda bila mpini, kwa kuwa mpini utachongwa huko mbele.

Kisha bidoni. Nimesikia watu wakishangaa kwa nini mama aliyeacha godoro amebeba bidoni tupu. Hesabu inamtetea. Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika ya misaada duniani, zinataja lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku kuwa kiwango cha chini. Familia ya watu sita inahitaji lita 90. Bidoni moja ya lita 20, ambayo ikijaa ina uzito wa kilo 20, italazimika kwenda mtoni mara tano. Zikiwa mbili, na msichana mkubwa akasaidia, safari zinapungua hadi tatu. Godoro linampumzisha mtu usiku mmoja mmoja, na mvua ikilinyeshea haliwezi kubebeka tena. Bidoni inarudisha saa za mchana, na saa hizo ndizo za kutafuta kibarua shambani kwa watu.

Turubai nalo limeingia katika elimu hii kwa nguvu. Lile la mita nne kwa tano, linalogawiwa na mashirika, ni paa, ni ukuta, ni mtego wa maji ya mvua, na njiani linafunika mzigo wote. Februari 2025, baada ya Goma kutekwa na waasi, wakimbizi wa ndani wa Bulengo, Lushagala na kambi nyingine za kandokando ya Goma, wengi wao watu wa Masisi, walipewa saa 72 waondoke. Watu wakabomoa vibanda vyao wenyewe na kuondoka na maturubai. Walijua kwamba huko kijijini huenda nyumba haipo.

Kubeba haya yote, chukudu lingesaidia sana, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo Goma imelijengea sanamu. Lakini chukudu linataka barabara, na tope la Walikale halilikubali. Huko mzigo ni wa mgongo. Wapagazi wa mgodi wa Bisie, hukohuko Walikale, waliufahamu ukweli huo vizuri kuliko yeyote, walipokuwa wakitoa gunia la kilo 50 la kasiteriti, madini ya bati, mgodini hadi kijiji cha Njingala, kama kilomita 45 za msitu.

Fedha ina ustadi wake pia. Vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyoitwa AVEC, vinatunza akiba katika sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu. Ni mpango mzuri palipo na utulivu. Vita vikikaribia, sanduku zito ni hatari kwa anayelilinda, na kwangu mimi akiba salama zaidi ni ile iliyogawanywa: kidogo kwenye simu, kidogo kwenye pindo la kitenge, kidogo kwa mbuzi anayetembea mwenyewe. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na wenye fedha kwenye simu wakapata pa kushika. Msituni mtandao unakatika, kwa hiyo noti lazima iwepo. Na noti ya dola ikunjwe kwa uangalifu ndani ya nailoni, pamoja na kadi ya mpiga kura, kwani wafanyabiashara wa Kongo huikataa noti iliyochanika hata kidogo.

Wanyanga, wenyeji wa Walikale, walijua zamani kwamba msafiri hubeba vichache vinavyofaa. Katika utenzi wa Mwindo, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, shujaa anazaliwa na vyombo vyake vya safari: usinga mkono wa kulia, tezo mkono wa kushoto, na kifuko mgongoni chenye kamba ndefu. Basi. Kwa vyombo hivyo tu anakwenda hadi kuzimu, na shangazi yake Iyangura anashika ncha ya kamba ili ajue kama kijana bado yuko hai.

Ulaya na Marekani wapo wanaofunga nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya gari na kwenda kulala porini kwa mapumziko. Nao huumiza vichwa: sufuria ipi, kitanda kipi, gharama ipunguzwe wapi. Swali lao ni lile lile, ingawa wao wanarudi nyumbani, na mama wa Masisi hana hakika kama atarudi.

Mashirika yamewahi kuwapa watu wa Kivu kuponi na kuwapeleka kwenye maonyesho ya biashara wachague wenyewe, badala ya kuwagawia fungu moja la vitu kwa wote. Hiyo ndiyo njia ya heshima. Ninyi mnaopanga misaada ya Masisi na Walikale, kabla hamjaandika orodha ya vitu, waiteni akina mama waliokwisha kukimbia zaidi ya mara moja, kaeni nao chini, na muwape kalamu.