Ufundi wa Kumfuatilia Mtoto

Ukitaka kumpima mtafiti wa magonjwa ya kurithi ya watoto, usianzie kwenye mashine zake wala vyeti alivyopata Ulaya. Uliza amewafuatilia watoto wangapi, na kwa miaka mingapi. Historia ya selimundu, ugonjwa wa damu ambao madaktari wa Goma, mashariki mwa Kongo, huuita drepanositozi, yatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba chanzo chake ni hemoglobini yenye umbo tofauti. Baadaye Vernon Ingram akabaini kwamba tofauti yenyewe ni ya asidi amino moja tu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kwa nini kasoro hiyo imeenea kwetu: anayeirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Siri ya jeni hiyo, basi, ilikwisha kufumbuliwa kabla Kongo haijapata uhuru. Hata hivyo, hidroksiurea, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima wenye selimundu, ilikaa miaka ishirini mingine kabla haijajulikana kama inamfaa mtoto anayeishi kwenye malaria.

Elimu ya jeni ilikuwapo. Waliokosekana ni watu wa kukaa na watoto hapa hapa na kuandika yanayowapata. Kinshasa, Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole na wenzake walipima damu ya watoto wachanga 31,204, wakakuta asilimia 1.4 wana ugonjwa wenyewe. Kisha ukaja utafiti wa REACH katika miji minne: Kinshasa, Luanda, Mbale na Kilifi. Watoto 606 walipewa hidroksiurea huku wengi wakihofu kwamba dawa inayopunguza chembe nyeupe itawafungulia malaria mlango. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliondoa hofu hiyo: malaria ilipungua kwa nusu hivi, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto mia kwa mwaka.

Kazi hiyo ina ugumu wake hata kwenye tone moja la damu. Katika maabara isiyo na vifaa vingi, tone hufunikwa kwa kioo chembamba, kingo zikazibwa, kisha mpimaji husubiri saa kadhaa oksijeni ipungue. Chembe nyekundu zikijikunja, jibu ni ndiyo; ila ndiyo hiyo ni ile ile kwa mgonjwa na kwa mzima aliyebeba jeni moja, mpaka hemoglobini itenganishwe kwa umeme ndipo ukweli ujulikane. Zaidi ya hapo, mtoto mchanga huonekana mzima, kwa kuwa hemoglobini aliyotoka nayo tumboni humlinda miezi ya mwanzo. Dalili kama kuvimba vidole huja baadaye. Kwa hiyo anayeishika kazi hii husomea udaktari, kisha watoto, kisha damu na jeni, kisha hesabu, na juu ya yote ajue kumshawishi mama arudi kliniki mwezi ujao wakati mtoto anacheza uani.

Kuna atakayesema anasa hii ya utafiti haina nafasi Ndosho, mtaa wa Goma. Hospitali ya CBCA Ndosho hupokea majeruhi wa risasi, na Januari 2025 walifurika kupita idadi ya vitanda. Fedha ziende kwenye bandeji. Hoja hiyo ni nzito, lakini inasahau kwamba majeruhi na mtoto wa selimundu huihitaji chupa ile ile ya damu. Katika REACH, mahitaji ya kuongezewa damu yalishuka kutoka 43.3 hadi 14.2 kwa watoto mia kwa mwaka. Damu ambayo mtoto hakuihitaji hubaki kwa ajili ya mpasuaji.

Mwingine atasema njia hii ya masomo huishia ughaibuni. Wapo wasiorudi, ni kweli. Lakini Mtanzania Julie Makani alisomea udaktari Muhimbili, Dar es Salaam, akaenda Oxford, na utafiti wake akaujenga Muhimbili, ambako maelfu ya wagonjwa wa selimundu wamefuatiliwa tangu 2004. Kuondoka si kosa. Kosa ni kutokuwepo ajira ya kurudia.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya tatu: utamfuatiliaje mtoto katika mji kama Goma, ambako watu huhama kwa vita na kwa lava ya volkano ya Nyiragongo? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Asiyeandikwa popote atakufa ikasemwa ni malaria, au amepungukiwa damu, na mdogo wake atafuata njia hiyo hiyo bila kupimwa. Mahali penye kutawanyika ndipo anapohitajika zaidi anayejua nani alipimwa, yuko wapi sasa, na anywe dawa kiasi gani. Goma tayari ina maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, inayosoma jeni za virusi. Kilichobaki si kigeni wala hakishindikani: hospitali ziwe na nafasi ya mshahara, ya miaka kumi na si ya mradi wa miaka miwili, kwa daktari atakayelishika daftari la watoto hawa. Ugonjwa wa kurithi ni wa maisha yote. Anayeutafiti naye apewe muda wa kukaa.