Mkeka wa Chumbi Una Mwenyewe

Msanii anapoulizwa kuhusu kazi yake na msimamizi wa maonyesho, anatambuliwa kuwa mtu mwenye fikra. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alijulikana kupitia Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Mashetani yake yalifika Ulaya, Marekani na Japani yakiwa na jina lake. Hilo ni jema, wala hatulibezi.

Lakini twende Chumbi, Rufiji. Mwanamke anachana ukindu, anauanika, anautia rangi, anasuka ukili mrefu, kisha anaushona mshono kwa mshono mpaka upatikane mkeka. Kabla hajaanza ameshaamua rangi ipi ikae wapi. Akikosea hesabu, nakshi inapotea na siku zake za kazi pia. Uamuzi huo ndio sanaa yenyewe. Mkeka huo ukitundikwa ukumbini, mara nyingi kibao husema tu: mkeka, Rufiji. Nani kausuka? Kimya.

Wapo watakaojibu kwamba mkeka ni kitu cha kulalia. (Wao wenyewe, tunaamini, wamezaliwa na kulelewa juu yake.) Mgawanyo huo wa sanaa na kazi za mikono tumeurithi kwa mkoloni, ambaye daftari zake za makumbusho zilijali jina la mkusanyaji kuliko la mtengenezaji. Leo anayeuendeleza ni nani, kama si sisi?

Msimamizi na aende Chumbi, avue viatu, akae mkekani, aulize nakshi inaitwaje na aandike jina la mama huyo kabla hajataja bei.