Mechi 58 na sanamu tatu

Kuna jamaa wa Australia anaitwa Ron Barassi. Huyu ni baba; mwanawe wa jina hilohilo ndiye aliyekuja kuvuma. Aliichezea Melbourne ule mpira wao wa kudaka na kukimbia nao, kwenye uwanja wa duaradufu. Mechi 58, mabao 84, ubingwa wa 1940. Tarehe 31 Julai 1941 akauawa Tobruk, Libya. Mimi niliacha chuo, nakaa Kawangware, na haya yote nimeyapata kwa bando la mbao.

Kusema ukweli, wasifu za wachezaji waliokufa vitani hunichosha. Mwandishi anaujua mwisho tangu mstari wa kwanza, basi kila teke analigeuza la shujaa. Hakuna siku jamaa alicheza ovyo. Lakini wivu ninao. Mtu alicheza mechi 58 na zote zikahesabiwa.

Mwaka huohuo, askari wa KAR walikuwa Ethiopia wakiwafurusha Waitaliano. Jeshi hilo ndilo lililoizaa Kibera: Wanubi waliwekwa pale na Waingereza kwa sababu ya utumishi wao wa bunduki.

Sasa shuka tao, Kenyatta Avenue, uitazame ile sanamu ya maaskari. Wanaume watatu wa shaba, wamesimama tangu 1928 kwa ajili ya Vita vya Kwanza. Kazi ya mikono siwezi kuikosoa. Miili ina uzito, nyuso zina watu ndani. Shida ni maandishi. Kipling anaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina gani, buda? Pale hakuna hata moja.

Na hayakupotea kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, pengine 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kibera yenyewe ilitengwa kama ekari 4,197. Hati waliyopewa Wanubi mwaka 2017 ni ya ekari 288.

Beste yangu wa Makina ana kifungo cha sare ya babu wa babake, kimewekwa kwenye mkebe wa majani chai. Shangazi yake anasema mzee alikuwa winga. Babake anabisha, eti alikuwa golikipa, tena mbovu. Nimeandika yote mawili.