Geuza Ukurasa, Utazame Nyuma

Jarida la Mambo Leo lilianza kutoka mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika, likichapwa Dar es Salaam na Mpiga Chapa wa Serikali. Anayekusanya majarida ya zamani kijijini Ihembe, akibahatika, huenda akapata nakala ndani ya sanduku la bati la mwalimu mstaafu au katekista, isiyo na jalada wala tarehe. Wengi huona kipande kama hicho hakifai. Mimi nakitetea, kwani karatasi yenyewe husema ilivyochapwa.

Anzia nyuma ya ukurasa. Shika ukurasa dirishani, mwanga uupige kutoka ubavuni. Ukiona vijiuvimbe vinavyofuata mistari ya maandishi, hiyo ni chapa ya risasi: herufi za mchanganyiko wa risasi, antimoni na bati zilipakwa wino, kisha zikakandamizwa kwenye karatasi. Sasa chukua lenzi inayokuza mara 10. Ukingo wa herufi utakuwa mweusi kuliko katikati yake, maana wino ulipobanwa ulikimbilia pembeni. Alama hiyo naiamini kuliko tarehe iliyoongezwa kwa kalamu na mwenye nakala.

Njia nyingine ya kuchapa, ofseti, haiachi uvimbe. Bamba lake ni bapa. Penye maji hukataa wino, penye mafuta huupokea. Wino huhamia kwenye mpira, na mpira ndio unaogusa karatasi. Ndiyo maana nyuma huwa laini na weusi wa herufi umelingana.

Picha zina siri yake. Mashine hizi hazichapi kijivu, kwa hiyo picha hugawanywa kuwa nukta: kubwa penye giza, ndogo penye mwanga. Karatasi duni hunywa wino na kuutawanya, hivyo nukta zilipangwa kwa nafasi pana, nawe waweza kuziona hata bila lenzi.

Jarida la katuni la Sani, la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lifungue ukiwa na lenzi mkononi. Mchoro wa kalamu hauhitaji nukta. Mchoraji akitaka kivuli, hupiga mistari myembamba iliyosongamana, na mistari hiyo hiyo ndiyo inayochapwa. Kwa anayejifunza uchoraji, ukurasa kama huo una thamani zaidi kuliko picha ya kamera, kwa sababu unaonyesha mkono ulivyokwenda.

Ukishaichunguza nakala, itunze. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na lignini iliyomo huigeuza njano ikipigwa na jua. Pini za kurasa hushika kutu masika, nayo kutu hula karatasi kwenye mkunjo; zing'oe taratibu. Usibandike selotepu, wala usilaminishe. Laza nakala ndani ya boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na moshi na mchwa.

Wazee wa Ihembe na Kayanga wenye masanduku hayo bado wapo. Waombeni ruhusa ya kuyafungua kabla karatasi hazijawashiwa moto jikoni, na msikatae zilizochanika.